Mali bila daftari: Kumbukumbu za mtandaoni zinavyoyeyuka

Na Mwandishi Wetu

MTAFITI anayetaka kujua wasomaji wa Kiswahili wa Tanganyika walikuwa wakizungumzia nini mwaka 1923 hana sababu ya kukata tamaa. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka huo na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, bado linasomeka katika maktaba zilizotunza nakala zake. Karatasi zimegeuka rangi, lakini herufi zipo, tarehe zipo na majina ya walioandika yapo.

Mtafiti huyo huyo akitaka kujua wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wakisoma nini kwenye intaneti mwaka 2003, yaani miaka 80 baadaye, kazi inaweza kuwa ngumu zaidi. Anwani ya ukurasa anaoutafuta ataikuta imeandikwa mwishoni mwa kitabu au tasnifu. Akiifuata, mara nyingi atapokelewa na namba 404, ishara kwamba ukurasa haupo. Wakati mwingine atakuta tangazo kwamba jina la tovuti hiyo linauzwa, au atajikuta katika tovuti ya kamari isiyohusiana hata kidogo na alichokuwa akikitafuta.

Hali hiyo inapingana na imani iliyojengeka kwa watu wengi kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni kitadumu milele. Imani hiyo ina ukweli wake kwa picha ya aibu inayonakiliwa na maelfu ya watu kwa saa moja. Kwa makala ya gazeti, ripoti ya wizara, shairi la msomaji au mjadala wa wananchi kuhusu bajeti, mambo ni kinyume chake.

Takwimu zilizopo zinatosha kumshtua yeyote anayejali historia. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, katika ripoti yake ya Mei 2024, kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena ilipofika Oktoba 2023. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba asilimia 54 ya makala za Wikipedia zilizochunguzwa zilikuwa na angalau kiungo kimoja katika marejeo yake kinachoelekeza kwenye ukurasa usiokuwapo.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2021, watafiti wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza viungo zaidi ya milioni mbili vilivyomo katika makala za mtandaoni za gazeti la The New York Times. Katika viungo vilivyoelekeza kwenye kurasa mahususi, robo vilikuwa vimekufa. Kwa makala za mwaka 1998, waliokufa walifikia asilimia 72.

Ikumbukwe kwamba hilo ni gazeti tajiri katika nchi tajiri, lenye wahifadhi wa nyaraka walioajiriwa kwa kazi hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba gazeti, taasisi au mwandishi binafsi wa Afrika Mashariki, anayelipia tovuti yake mwaka hadi mwaka kwa fedha za kuungaunga, yuko katika hali bora zaidi.

Hata wenye mtandao wenyewe hawakusalimika. Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyebuni mfumo wa tovuti alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, aliutangazia umma ubunifu wake Agosti 1991. Nakala ya ukurasa wa kwanza kabisa haikuhifadhiwa, kwa kuwa ulikuwa ukibadilishwa kila mara bila mtu kufikiria kuweka kumbukumbu. CERN ilipoamua mwaka 2013 kuirejesha tovuti hiyo ya kwanza hewani, nakala ya zamani iliyopatikana ilikuwa ya mwaka 1992.

Sababu za kupotea kwa kurasa ni za kawaida mno, na pengine ndiyo maana hazipewi uzito. Tovuti haimilikiwi kama kitabu kilichonunuliwa. Jina lake hulipiwa kwa muda maalumu, na kompyuta inayoitunza hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Malipo yakikoma, tovuti huondoka. Mhasibu akisahau, fundi aliyekuwa na neno la siri akihama kazi, au mradi wa wafadhili ukifika mwisho, kazi ya miaka kumi inaweza kutoweka bila ya mtu kuifuta kwa makusudi.

Kwa Afrika Mashariki mzigo huo ulikuwa mzito zaidi katika miaka ya 2000. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, eneo hili lilitegemea zaidi setilaiti, njia ya gharama kubwa na kasi ndogo. Tovuti nyingi zilitunzwa katika kompyuta za Ulaya na Marekani na kulipiwa kwa dola. Kwa maneno mengine, sehemu ya kumbukumbu za eneo hili ilikuwa mikononi mwa makampuni ya mbali, yasiyojua Kiswahili wala sababu ya kukitunza.

Sababu ya pili ni ukarabati. Taasisi inapotengeneza tovuti mpya yenye sura ya kuvutia, mara nyingi anwani za kurasa za zamani hubadilika zote kwa siku moja. Habari zinaweza kuwa bado zimo ndani ya kompyuta ya taasisi, lakini kila aliyezinukuu anabaki ameshika ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, ambayo ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za lugha hii kwenye intaneti, ilihama anwani baada ya kutoka chuoni hapo. Aliyeandika anwani ya awali katika kitabu chake hakuwa na njia ya kuirekebisha nakala iliyokwisha kuchapwa.

Sababu ya tatu ni maamuzi ya makampuni makubwa. Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, Oktoba 2009. Kampuni hiyo hiyo ilianza kufuta yaliyomo katika vikundi vyake vya majadiliano mwishoni mwa mwaka 2019 na kuvifunga kabisa mwaka uliofuata. Vikundi hivyo vilikuwa baraza la Waafrika Mashariki waishio ughaibuni, mahali walipojadili siasa za nyumbani, kuchangishana kwa ajili ya misiba na kubishana kuhusu katiba. Mwaka 2019 MySpace nayo ilikiri kwamba muziki, picha na video zilizowekwa katika miaka yake 12 ya mwanzo huenda zimepotea zilipokuwa zikihamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine.

Sababu ya nne ni sheria na gharama zake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kujisajili na kulipa ada ambazo, kwa pamoja, zilifikia takriban shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo baadhi ya blogu na majukwaa, likiwamo JamiiForums, yalisitisha huduma yakisubiri kutimiza masharti. Makubwa yalirejea. Kwa mwandishi mmoja aliyekuwa akiandika kwa mapenzi bila kipato, kiasi hicho kilitosha kumfanya afunge mlango.

Hapa ndipo tofauti kati ya karatasi na mtandao inapoonekana waziwazi. Gazeti likifungiwa, nakala zilizokwisha kuuzwa hubaki kabatini, maktabani na hata kwa muuza maandazi anayezifungia biashara yake. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilipotangaza kurejesha leseni za magazeti manne, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, matoleo yao ya nyuma yalikuwa bado mikononi mwa watu. Hakuna aliyehitaji ruhusa wala umeme ili kuyasoma. Tovuti haina kabati la namna hiyo. Ikizimwa, imezimwa kwa wasomaji wote kwa wakati mmoja.

Wapo wanaoweza kuuliza hasara iko wapi, kwa kuwa mengi ya mtandaoni ni porojo. Jibu la kwanza limetoka mahakamani. Utafiti mwingine wa wanasheria wa Harvard, uliotolewa mwaka 2013, ulibaini kwamba karibu nusu ya viungo vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani havikuwa vikiwapeleka wasomaji kwenye maelezo ambayo majaji waliyategemea. Hukumu ilibaki, lakini sehemu ya ushahidi wake ikawa haionekani. Mwanafunzi wa sheria anayesoma hukumu hiyo hulazimika kuamini tu kwamba kilichonukuliwa kilikuwapo.

Jibu la pili linahusu uhai wa watu. Julai 2014 ndege ya abiria ya Malaysia, safari namba MH17, ilipotunguliwa mashariki mwa Ukraine na kuua watu wote 298 waliokuwamo, ukurasa wa mtandao uliohusishwa na kamanda wa wapiganaji wanaoiunga mkono Urusi ulikuwa umeweka ujumbe wa kujisifu kwamba ndege ya kijeshi imeangushwa katika eneo hilo. Ujumbe huo uliondolewa baadaye. Dunia inaufahamu kwa sababu ulikuwa umekwisha kunakiliwa na hifadhi ya mtandao.

Kenya ina mfano wake. Januari 2008, nchi ikiwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanablogu na wataalamu wa kompyuta walianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi kwa barua pepe na ujumbe mfupi wa simu na kuziweka kwenye ramani. Waanzilishi hawakuchagua jina hilo kwa bahati. Walijua kwamba siku ambazo vyombo vya habari vinabanwa, maneno mafupi ya mwananchi aliyeona nyumba ikichomwa ndiyo yanayoweza kubaki kuwa ushahidi, mradi yahifadhiwe.

Jibu la tatu linahusu lugha yenyewe. Miaka ya 2000 ndiyo miaka ambayo Kiswahili kilijifunza kuzungumzia kompyuta. Maneno kama tovuti, barua pepe, kiungo na kuvinjari yalikuwa yakishindana na maneno mengine mitaani na kwenye kurasa kabla ya kukubalika. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, wakati huo huo wanablogu wa kwanza wakitafuta namna ya kuandika mambo mapya kwa lugha ya wazazi wao. Mwanaisimu wa kesho atakayetaka kujua neno lipi lilitangulia na lilishindaje atahitaji kurasa hizo zenye tarehe zake.

Zaidi ya hapo, programu za akili bandia zinazotafsiri na kuandika Kiswahili hujifunza kwa kiasi kikubwa kutokana na maandishi yaliyokusanywa mtandaoni. Hazijifunzi kutokana na kilichowahi kuandikwa, bali kutokana na kilichobaki. Makala nzuri ya mwaka 2005 ikipotea na nafasi yake ikachukuliwa na tangazo lililotafsiriwa kwa mashine, Kiswahili kitakachofundishwa kwa mashine inayofuata ni kile cha tangazo.

Je, nani analinda kilichopo? Kwa sehemu kubwa mzigo huo umebebwa na taasisi moja isiyo ya kiserikali, Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Huduma yake ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, humwezesha mtu kuandika anwani ya zamani na kuona ukurasa ulivyokuwa siku uliponakiliwa. Oktoba 2025 taasisi hiyo iliadhimisha kufikisha kurasa trilioni moja.

Afrika nayo ina nafasi katika historia hiyo. Maktaba ya Alexandria nchini Misri ilipofunguliwa mwaka 2002, ilipokea nakala ya kurasa zilizokusanywa na taasisi hiyo tangu mwaka 1996. Mji ambao jina lake linakumbusha maktaba ya kale iliyopotea ulikabidhiwa akiba ya maktaba mpya.

Hata hivyo, kumtegemea mlinzi mmoja ni hatari. Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia Internet Archive, wakaiba taarifa za akaunti takriban milioni 31 na kusababisha huduma zake kuzimwa kwa siku kadhaa. Mwezi uliotangulia taasisi hiyo ilikuwa imeshindwa rufaa katika kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na wachapishaji wakubwa wa vitabu mwaka 2020, kuhusu vitabu ilivyokuwa ikiazimisha kwa njia ya kompyuta. Mwaka 2025 kampuni ya Reddit ilitangaza kuiwekea Wayback Machine mipaka katika kunakili kurasa zake, kwa madai kwamba makampuni ya akili bandia yanapitia mlango huo kuchota maandishi. Vita vya kibiashara kati ya wenye maandishi na wenye mashine vinaelekea kumuumiza mtunza kumbukumbu aliye katikati. Wahenga walikwisha kusema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Funzo la karibu zaidi linatoka Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, kituo cha elimu ya Kiislamu kilichoanzishwa na Habib Saleh, ilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa nyaraka zilizo hatarini unaosimamiwa na Maktaba ya Uingereza mjini London. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi waliodai fidia, na sehemu kubwa ya huduma zake za mtandaoni ikakatika kwa miezi. Kwa kipindi hicho, picha zilizokusudiwa kuiokoa miswada hazikuweza kuonekana, ilhali miswada yenyewe ilikuwa imetulia kisiwani.

Tukio hilo halina maana kwamba kupiga picha ni kazi bure. Linathibitisha kanuni ambayo wakutubi wamekuwa wakiihubiri kwa miaka mingi, kwamba usalama wa maandishi uko katika wingi wa nakala na umbali kati yake. Nakala moja, iwe ya karatasi au ya kompyuta, ni sawa na kutokuwa nayo siku ya moto.

Upo upande wa pili wa hoja, nao unastahili kusikilizwa. Si kila kitu kinapaswa kuhifadhiwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba mtu anaweza kuitaka injini ya kutafutia habari iondoe viungo vinavyomhusu visivyo na umuhimu tena. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kijana aliyeandika upuuzi akiwa na miaka 16 hapaswi kusutwa nao akiomba kazi akiwa na miaka 40.

Lakini haki hiyo ya mtu binafsi haipaswi kuwa kichaka cha kujifichia wenye mamlaka. Faragha ya kijana ni jambo moja, na ahadi ya kiongozi, mkataba wa umma au takwimu za wizara ni jambo jingine. Bila hifadhi huru, mwanasiasa anaweza kuikana kauli yake ya miaka mitano iliyopita kwa kufuta ukurasa mmoja, kisha akamtaka anayemkumbusha alete ushahidi.

Nchi kadhaa zimeamua kutoliachia jambo hili bahati. Sweden na Australia zilianza kukusanya kurasa za tovuti zao mwaka 1996. Denmark iliweka sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005, Ufaransa ikafuata mwaka 2006, na Uingereza ikaweka kanuni mwaka 2013 zinazoziruhusu maktaba teule kunakili tovuti za nchi hiyo kama zinavyopokea vitabu. Barani Afrika, sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 ya uwasilishaji wa nakala iligusa pia machapisho ya kielektroniki.

Msingi wa jambo hilo si mgeni Afrika Mashariki. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala za anachokichapisha, na Kenya ina sheria yake ya vitabu na magazeti yenye sharti kama hilo. Tatizo ni kwamba sheria ya mwaka 1975 iliandikwa miaka 16 kabla ya tovuti ya kwanza kutangazwa. Ilitungwa kwa ajili ya kitu kinachoweza kubebwa mkononi na kupigwa muhuri.

Kuipanua dhana hiyo kunahitaji fedha na utashi, lakini hatua za mwanzo hazihitaji kusubiri Bunge. Chumba cha habari kinaweza kuweka utaratibu wa kutobadilisha anwani za makala zake za zamani tovuti inapokarabatiwa. Chuo kikuu kinaweza kumtaka mwanafunzi aambatishe nakala ya kila ukurasa anaounukuu katika tasnifu yake. Wizara inaweza kuchapa ripoti chache kwa ajili ya maktaba, hata kama mamia ya wasomaji watazipakua kutoka mtandaoni. Mwananchi mwenye blogu anaweza kunakili maandishi yake katika diski mbili na kumpa ndugu mmoja.

Hatua hizo ni ndogo, lakini ndizo zilizowafikisha waandishi wa Mambo Leo kwa wasomaji wa karne nyingine. Hakuna muujiza uliotokea. Kulikuwa na mtu aliyepokea nakala, mwingine aliyeiandika kwenye daftari, na wa tatu aliyeilinda dhidi ya mvua na mchwa.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini unawahusu vilevile waandishi na wasomaji wa enzi ya intaneti. Kizazi kilichoandika maneno mengi kuliko vyote vilivyotangulia kinaweza kuwa ndicho kitakachoacha machache ya kusomwa, endapo kitaendelea kudhani kwamba mtandao ndio daftari.